Kumwingiza mhadhiri kwenye dunia pepe: mwongozo kamili kwa anayeanza na laptopu moja

Mhadhiri haingizwi kwenye dunia pepe kwa mhadhara. Nimekaa kwenye semina za namna hiyo: projekta, slaidi nyingi, picha za watu waliovaa miwani mikubwa ya plastiki, kisha chai. Watu husaini mahudhurio na kuondoka, na wiki inayofuata hakuna anayeuliza chochote. Wenzangu walianza kurudi wenyewe pale tulipoacha kuwaeleza, tukawapa kitu cha kujenga pamoja na mtu wa kujenga naye. Mwongozo huu umejengwa juu ya jambo hilo moja. Nimeuandika kwa yeyote anayetaka kulifanya chuoni kwake, awe mhadhiri, msaidizi wa mhadhiri au mtu wa TEHAMA.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Dunia pepe ni mahali ndani ya kompyuta ambapo watu wengi huingia kwa wakati mmoja. Kila mmoja ana mwili wake, yaani avata, na kilichojengwa leo kinakutwa kesho. Watu kuwa pamoja na mahali kudumu: hayo mawili ndiyo yanayoitenga na mkutano wa Zoom, ambao ukifungwa haubaki hata mkeka. Miwani ya uhalisia pepe si lazima. Kila kitu nitakachoeleza hapa kinafanyika kwa kioo cha laptopu au simu.

Kuchagua dunia

Wengi huanza kwa kuuliza ipi inapendeza zaidi. Mimi huuliza ipi nitaikuta bado ipo baada ya miaka mitano, na nina sababu. Second Life ilifunguliwa mwaka 2003, na miaka michache baadaye vyuo vingi vya Marekani na Ulaya vilikuwa na visiwa vyao humo, kila eneo likiwa la mita 256 kwa 256, na majengo na kumbi za mihadhara juu yake. Oktoba 2010 kampuni yenye dunia hiyo ikatangaza kuondoa punguzo la nusu bei lililokuwa likitolewa kwa taasisi za elimu. Punguzo lilirudi mwaka 2013, lakini kufikia hapo waalimu wengi walikuwa wameshahama, wengine wakiacha nyuma kazi ya miaka. Karibuni zaidi, AltspaceVR, dunia pepe ya Microsoft, ilifungwa Machi 2023, na Mozilla ikazima huduma yake ya dunia pepe, Hubs, tarehe 31 Mei 2024. Aliyejenga kwenye kiwanja cha kupanga alihamishwa.

Kwa hiyo chagua programu ambayo dunia yake ni folda unayoweza kuinakili kwenye flashi. Zipo mbili ninazoziamini. OpenSimulator, iliyoanza mwaka 2007, inafanana sana na Second Life: avata zina sura za watu, nguo zinabadilishwa, majengo yanakuwa ya kina. Inafaa kwa maigizo ya kikazi, kama mahojiano au mahakama ya mafunzo, lakini inataka kompyuta zenye nguvu na fundi mwenye subira. Ya pili ni Luanti, ambayo hadi mwaka 2024 iliitwa Minetest. Ni dunia ya matofali, kila tofali likiwa mita moja kila upande. Ni bure, inakubali laptopu kuukuu na simu za Android, na inafanya kazi kwenye mtandao wa ndani bila bando hata kidogo. Kwa vyuo vyetu anza na Luanti, na hatua zote zinazofuata ni zake.

Ukiambiwa na mkuu wa idara kwamba matofali ni mchezo wa watoto, mkumbushe Kibera, mtaa wa mabanda wa Nairobi. Kuanzia mwaka 2012 UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa lenye makao makuu Gigiri, Nairobi, ilishirikiana na Mojang, watengenezaji wa Minecraft, gemu maarufu ya matofali, kuwaweka wakazi mezani wabuni upya maeneo yao ya wazi. Uwanja wa Silanga, Kibera, ulikuwa miongoni mwa miradi ya mwanzo kabisa. Watu ambao hawajawahi kusoma ramani ya mhandisi waliweza kusimama ndani ya wazo lao na kusema hapa taa, hapa njia.

Hatua ya kwanza: watu kabla ya mashine

Usitume tangazo chuo kizima. Tafuta watu sita, wawili wawili kutoka idara moja, ili kila mtu awe na wa kumtazama. Mtu anayekaa peke yake mbele ya kitu kipya huogopa kuonekana hajui, na kwa mtu aliyezoea kuitwa Dokta kutwa nzima hofu hiyo ni nzito. Hatasema. Atakumbuka ghafla kwamba ana kikao.

Kati ya hao sita, mmoja awe mtu mzima anayeheshimiwa. Akishaingia yeye, wengine hawatakuwa na sababu ya kuona haya. Mwingine awe kijana anayecheza gemu nyumbani. Fundi wa maabara ya kompyuta mwite mwezi mzima kabla, siyo asubuhi ya tukio, maana nywila ya kusakinisha programu anayo yeye.

Kisha kaa na kila mmoja na umwulize swali moja tu: katika somo lako, ni kitu gani wanafunzi wanakikariri lakini hawakielewi mpaka wasimame ndani yake? Mhadhiri wa jiografia atakutajia kontua, mistari ya ramani inayoonyesha mwinuko. Kwenye dunia ya matofali kila ngazi ya mlima ni mita moja, kwa hiyo kontua zinaonekana kama ngazi za msikiti. Mwalimu wa lugha atataja kuelekeza njia. Wa uhasibu huenda akakwambia hana kitu kama hicho. Mwamini, wala usimlazimishe.

Hatua ya pili: mtandao

Hapa ndipo siku nyingi zinapoharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Pakua Luanti kwenye laptopu itakayokuwa seva, yaani itakayobeba dunia ambayo wengine wataingia, na ukiwa bado na intaneti ingia sehemu ya "Content" upakue Minetest Game. Ndiyo inayoleta matofali, milango, vioo na mengineyo. Washiriki hawahitaji kuipakua. Wao wanahitaji programu ya Luanti yenyewe tu, na vilivyobaki hutumwa na seva wanapoingia mara ya kwanza. Hakikisha wote wana toleo moja la programu. Matoleo yakipishana sana, mtu anakataliwa mlangoni na maandishi asiyoyaelewa, na hapo umeshampoteza.

Usitegemee Wi-Fi ya chuo. Mara ya kwanza nilifanya kosa hilo. Laptopu yangu na simu za wenzangu zote zilikuwa kwenye mtandao mmoja, intaneti inapita vizuri, lakini hakuna aliyeweza kuingia kwenye seva. Nusu saa ilipotea. Mitandao mingi ya taasisi huzuia kifaa kimoja kuzungumza na kingine moja kwa moja. Ni kinga ya maana, lakini inaua kazi hii. Tangu siku hiyo nabeba ruta yangu ndogo ya nyumbani. Haina laini wala bando. Kazi yake ni kuviunganisha vifaa vyenyewe kwa vyenyewe. Waambie wenye simu wazime data, la sivyo simu ikiona Wi-Fi haina intaneti itarudi kwenye laini kimyakimya.

Kwenye laptopu ya Windows fungua dirisha la amri, andika ipconfig, na unakili anwani ya IPv4, tuseme 192.168.1.10. Iandike ubaoni kwa maandishi makubwa, na chini yake namba ya poti: 30000. Hizo mbili ndizo kila mshiriki atakazoandika ili aingie. Utakapowasha seva mara ya kwanza, Windows itauliza kama iruhusu programu hiyo kupita kwenye fayawoli, kinga yake ya mtandao. Ruhusu, na usiharakishe kubonyeza "Cancel" kama tulivyozoea kufanya kwa kila kinachotokea kwenye kioo.

Jaribu yote haya siku moja kabla, kwenye chumba kilekile, na simu mbili za watu.

Hatua ya tatu: kuandaa kiwanja

Tengeneza dunia mpya na uchague ardhi ya aina ya "Flat", yaani tambarare. Misitu na milima ni mizuri, lakini mgeni akitua msituni anapotea kabla hujamsalimia. Washa "Creative Mode" ili kila mtu awe na matofali yasiyoisha, zima "Enable Damage" ili asiumie mtu, weka alama kwenye "Host Server", andika jina lako na nywila, kisha anzisha.

Ukiwa ndani, bonyeza herufi T upate sehemu ya kuandika. Andika /time 12:00 ili iwe adhuhuri, halafu /set time_speed 0 ili jua lisimame hapohapo. Usiku ukiingia katikati ya kipindi, watu wazima huanza kupapasa. Karibu na mahali watu wanapotokea, jenga baraza ndogo yenye kibao cha kuwakaribisha, na kila jozi iwekee kiwanja chake, mraba wa tofali 20 kwa 20 wenye mpaka wa rangi. Usiandae zaidi ya hapo. Dunia iliyokwisha kujengwa humfanya mgeni awe mtalii, na mtalii hana kazi ya kumrudisha kesho.

Hatua ya nne: dakika tisini za kwanza

Wote wawe chumba kimoja. Luanti haina sauti yake yenyewe, na kwa siku ya kwanza hiyo ni heri: watazungumza kwa midomo yao, wataangaliana, watacheka.

Robo saa ya mwanzo ni ya kutembea tu. Herufi W, A, S na D kwa miguu, kipanya kwa shingo. Hapo kwenye shingo ndipo penye taabu. Mtu ambaye hajawahi kucheza gemu husogeza kipanya kama anayetafuta faili, na dunia yote inazunguka, anaanza kuona kizunguzungu. Mwambie aweke kipanya katikati ya meza, amtazame mwenzake ndani ya dunia, na amfuate taratibu. Kwenye mipangilio punguza mtikisiko wa hatua, kinachoitwa "View bobbing", mpaka sifuri. Bado akijisikia vibaya, mwache awe msemaji na mwenzake awe mkono. Ni nafasi ya heshima, na majengo mengi mazuri niliyoyaona yalijengwa hivyo.

Robo saa ya pili ni kuweka tofali na kulitoa. Kubonyeza kulia kunaweka, kushoto kunatoa. Hapa lazima mtu atachimba chini ya miguu yake na kutumbukia. Kwetu ilikuwa profesa wa historia, mama aliyenifundisha mimi mwenyewe miaka ya nyuma. Alikuwa amechimba mita nne chini, kioo kimejaa udongo, ametulia tu, hasemi. Msaidizi wake aliona kiti kimenyamaza, akaenda juu ya shimo, akaanza kumchongea ngazi kutoka juu, tofali moja baada ya jingine. Mama alipotoka akasema, "Asante mwanangu, sasa hebu nami nijue kuchonga hizo ngazi." Tangu hapo hakuhitaji kubembelezwa. Kwa hiyo mtu akitumbukia, wewe kiongozi usimwokoe kwa amri ya seva. Subiri kidogo, mwenzake atamwona.

Saa nzima iliyobaki ni ya kazi yenyewe.

Hatua ya tano: kazi yenyewe, nyumba ya Lamu

Chagua kazi moja ambayo kila idara ina la kusema juu yake. Yetu ilikuwa nyumba ya mawe ya Lamu, mji wa kale ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Ichukue kama ilivyo, au ubadilishe na jengo la mahali pako.

Wape majina ya sehemu kwa mpangilio: daka mbele ya mlango, kisha tekani ambayo ni njia ya kuingilia, kisha kiwanda ambacho ni ua wa wazi, kisha vyumba virefu viwili, msana wa tini na msana wa yuu, na mwisho kabisa chumba kiitwacho "ndani". Sabule ni chumba cha mgeni. Tini na yuu ni chini na juu kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, na mtu wa lugha ataanza kueleza hilo bila kuombwa.

Kisha wape sharti moja, na usilegeze: hakuna chumba kinachozidi upana wa tofali 3. Wataguna. Vyumba vitaonekana vyembamba kama treni. Waache walalamike kwanza, ndipo uwaeleze kwamba dari za nyumba hizo zilibebwa na boriti za mikoko, na uzito wa chokaa na matumbawe juu yake haukuruhusu boriti kuvuka zaidi ya mita 2.5 hadi 3 hivi. Upana wa sebule ya tajiri wa Lamu uliamuliwa na mti wa baharini. Urefu ungeweza kuongezwa, upana haukuwezekana.

Programu yenyewe haitawazuia kujenga chumba cha mita 30. Kwenye dunia hii tofali linaelea hewani bila kitu chini yake. Sharti linatoka kwa mwalimu, na hapo ndipo mhadhiri anapogundua kwamba hajaondolewa kazini. Kompyuta imetoa matofali. Fizikia, historia na desturi anazileta yeye.

Jaribio la mwisho la jioni ndilo ninalolipenda kuliko yote. Mtu mmoja anasimama barazani, nje ya daka, mlango ukiwa wazi. Macho ya avata yapo kwenye kimo cha kama mita 1.5, karibu sawa na ya mtu. Muulize: unaona nini? Kama anaona mpaka ndani, nyumba imekosewa. Tekani inapaswa kupinda ili mpita njia asione walioko kiwandani. Jozi yetu ya kwanza ilibomoa ukuta mara tatu mpaka stara ikapatikana. Mchoro wa karatasi usingewaonyesha hilo, maana kwenye karatasi unaiangalia nyumba kutoka angani kama ndege. Ukimaliza kipindi, bonyeza F12 upige picha ya kioo, kila jozi ipate ya kwake.

Hatua ya sita: kuipeleka darasani

Usimruhusu mhadhiri aipeleke kwenye kozi nzima muhula wa kwanza. Kipindi kimoja kinatosha, kwenye mada ileile aliyokutajia mwanzo. Aandike ukurasa mmoja: wanafunzi watajenga nini, sharti ni lipi, wataeleza nini baadaye.

Alama zitolewe kwa maelezo, si kwa jengo. Mwanafunzi anayecheza gemu tangu utotoni atajenga kasri kwa dakika kumi. Aliyegusa kipanya mwaka huu atajenga chumba kimoja kilichopinda. Swali ni nani anaweza kueleza kwa nini chumba ni chembamba. Waombe wapige picha tatu za kioo na waandike aya moja chini ya kila picha.

Asiyeona vizuri, asiyeweza kutumia kipanya, au asiye na kifaa, apewe kazi ya uzito uleule kwa njia nyingine, na njia hiyo iandikwe kwenye ukurasa huohuo kabla kozi haijaanza, siyo atakapokuja kulalamika. Kamwe usimtoze mwanafunzi bando kwa ajili ya jaribio lako. Ruta ndogo, maabara ya chuo, na laptopu kwa zamu vinatosha.

Kuhusu majina: kwenye seva yako mtu anajiandikisha kwa jina na nywila tu, bila barua pepe. Tumia fursa hiyo. Wanafunzi wachague majina ya kuingilia, na orodha ya nani ni nani abaki nayo mhadhiri kwenye daftari lake.

Hatua ya saba: jamii

Hapa miradi mingi hufa, kwa sababu kila mtu hurudi idarani kwake na dunia ikabaki tupu. Dunia tupu inatisha. Mtu akiingia mara mbili bila kukuta mtu, haji mara ya tatu.

Weka siku na saa, na usibadilishe. Sisi tulichagua Alhamisi saa kumi jioni, baada ya vipindi, dakika arobaini na tano. Tuliiita baraza, kwa kuwa kazi yake ni ileile: watu kukaa, kupeana habari, na mgeni kukaribishwa. Kila wiki mtu mmoja anaonyesha alichojenga, na anayemfuata wiki ijayo anatajwa papo hapo mbele ya wote. Usiwe wewe kila mara. Kiongozi anayeonyesha kila wiki anajijengea hadhira badala ya wenzake.

Mtu akishazoea, mpe mamlaka. Andika /grant, jina lake, kisha fly, naye ataweza kuruka kwa kubonyeza K. Modi, yaani programu ya nyongeza, iitwayo Areas humwezesha kila mmoja kuwa na kiwanja ambacho hakuna mwingine anayeweza kukigusa. Isakinishe kabla hujafungua mlango kwa wanafunzi. Sheria ziwe tatu na ziandikwe kwenye kibao mlangoni: usibomoe cha mwenzio, usimfuate mtu aliyekwambia acha, ukiona jambo baya mwite msimamizi kwa jina. Ya pili waalimu wengi huiona ndogo. Avata inayomfuata mwanafunzi wa kike kila anakokwenda si mzaha kwake, na ishughulikiwe kama ingetokea ukumbini.

Mkifikia kutaka chuo kingine kijiunge, ndipo mtahitaji seva iliyo kwenye intaneti, na sauti kwa njia ya simu ya kikundi au programu nyingine pembeni. Msikimbilie huko mwezi wa kwanza. Kikundi cha watu saba wanaojuana kinabeba wageni. Kikundi kisichojuana kikiletewa wageni kinavunjika.

Hatua ya nane: nakala

Kila Alhamisi baada ya baraza, zima seva, fungua folda iitwayo worlds, na unakili folda ya dunia yenu yote kwenye flashi. Humo ndani kuna map.sqlite yenye kila tofali, players.sqlite yenye watu na mali zao, na auth.sqlite yenye nywila na ruhusa. Usinakili seva ikiwa bado inaendeshwa, unaweza kupata faili lililokatika. Ipe folda tarehe, mfano nyumba-2025-03-13, na usifute ya wiki iliyopita mpaka ya wiki hii ithibitike.

Kuithibitisha ni kazi ya dakika tano. Iweke kwenye laptopu ya mwenzako mmoja wa wale sita, kwenye folda ya worlds ya kwake, na yeye ndiye aiwashe, wewe ukae pembeni. Mwache aingie mwenyewe, atembee mpaka kwenye daka, apite tekani, aone kama msana wa yuu bado una upana wa tofali tatu. Flashi hiyo aondoke nayo.